Kupogolea miti ya nyumbani kwa chenso ya umeme yenye mpini mrefu

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania miti haikawii. Mgrevilea uliopandwa kwenye mpaka wa kiwanja, mparachichi uliochipua wenyewe nyuma ya jiko, mkaratusi wa jirani: miaka michache tu na tawi limelala juu ya bati, limeziba mwanga wa dirisha au limegusa waya wa umeme. Kwa kawaida anaitwa kijana mwenye panga, anaegemeza ngazi ya mirunda, anapanda. Ngazi hiyo ndiyo inayovunja watu viuno. Tawi likikatika linaipiga, au shina lililopunguziwa uzito linarudi juu ghafla na ngazi inabaki haina pa kuegemea.

Chenso ya mpini mrefu ni msumeno mdogo wa mnyororo uliofungwa kwenye ncha ya bomba, ili mkataji abaki na miguu yote miwili ardhini. Ni kifaa kizuri sana kwa ua wa nyumbani. Ila kinakuweka mbali na kazi yako, na umbali huo una gharama zake: huoni vizuri mahali mnyororo unapoingia, kilo mbili za kichwa zilizo mita mbili mbele yako zinavuta mikono kama mzigo mkubwa, na bomba refu linaweza kufika kwenye waya ambao mkono wako usingeufikia kamwe. Karibu kila linaloharibika kwenye kazi hii linatokana na umbali huo, na maelezo mengi yanayofuata ni ya namna ya kuishi nao.

Mashine yenyewe

Ziko za waya na za betri. Za waya huwa na mota ya wati 600 hadi 900, na bamba la kubebea mnyororo la inchi 8 au 10. Za betri huwa za volti 18 au 20, nyingine 40. Uzito ni kilo 3.5 hadi 5.5. Kwa ua wenye soketi karibu, ya waya inatosha na haikuachi katikati ya tawi kwa sababu chaji imeisha. Kwa shamba la miparachichi lililo mbali na nyumba, ya betri haina mbadala, lakini nunua betri mbili. Yenye ampia-saa 2 kwenye volti 20 ina wati-saa 40 tu, na kwa mbao mbichi zinaisha upesi.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha mota. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine za mtumba zinazotoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Ukichomeka hiyo moja kwa moja ukutani, mota inaungua kabla hujakata tawi la kwanza. Angalia pia kama kuna alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake mashine ina kinga mbili za ndani na haihitaji waya wa ethi, kwa hiyo usishangae kukuta waya wake una nyaya mbili tu.

Ufikio unaoandikwa kwenye boksi, mita 4 au 4.5, umejumlisha mtu aliyenyoosha mikono juu ya kichwa. Hivyo sivyo mtu anavyokata. Piga hesabu yako: mpini wa mita 2.8 ukishikwa kwa nyuzi 60 kutoka ardhini unapanda mita 2.4 hivi, ongeza mita 1.1 za kimo cha kiuno, ambako mkono wa nyuma unakaa, unapata mita 3.5. Tawi lililo juu zaidi ya hapo si la mashine hii. Usiongeze kwa kupanda juu ya meza, ndoo, tofali wala ngazi, maana ukishapanda juu ya kitu umerudi kulekule tulikotoka, safari hii ukiwa na mnyororo unaozunguka mkononi.

Na unene? Bamba la inchi 8 ni sentimita 20, lakini juu ya kichwa usikate tawi nene kuliko sentimita 15. Kazi yake nzuri iko kati ya sentimita 3 na 10. Chini ya hapo mkasi wa kupogolea au msumeno wa mkono unakata safi zaidi.

Umeme hadi kwenye mti

Mashine ya wati 750 inavuta ampia 3.3 tu, na kwenye mita ya LUKU inakula robo tatu ya uniti kwa saa nzima ya kukata mfululizo. Gharama ya umeme haina shida. Shida iko kwenye ekstensheni. Zile nyembamba za kuchajia simu zina viungio vinavyolegea, na waya wake ukiachwa umeviringwa kwenye kigurudumu unapata joto. Tumia waya wa nje wenye mpira mzito, milimita za mraba 1.5, kwa urefu wa hadi mita 30. Ukizidi hapo weka wa 2.5. Fungua waya wote kwenye kigurudumu hata kama unahitaji mita kumi tu.

Pale plagi ya mashine inapoungana na ekstensheni, piga fundo moja la kulegea kwa nyaya zote mbili kisha ndipo uchomeke. Ukivuta, fundo linavuta na plagi haichomoki. Kiungio kisilale kwenye nyasi zenye umande. Kuanzia Tukuyu hadi Njombe umande unakaa hadi saa nne asubuhi, na hiyo ni sababu tosha ya kuchelewa kuanza. Pitisha waya nyuma yako, begani au kwenye mkanda wa kiunoni, usitambae upande ambao matawi yanaangukia.

Muhimu kuliko yote hayo: saketi unayochomeka iwe na swichi ile ya kinga ambayo mafundi umeme wanaiita RCD, ya miliampia 30. Umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu, yenyewe inakata kabla moyo haujavurugika. Fyuzi ya kawaida haifanyi kazi hiyo, kwani inasubiri ampia nyingi, na mtu anauawa na sehemu ndogo sana ya ampia moja. Nyumba nyingi za zamani hazina RCD. Mwite fundi aiweke kwenye bodi, au tafuta ile inayochomekwa kwenye soketi. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila siku ya kazi kabla ya kuanza.

Wakati wa jioni mitaa mingi umeme unashuka. Ukisikia mota imebadilika sauti, inakoroma na mnyororo unaenda polepole, simama. Mota inayolazimishwa kwa umeme mdogo inachemka na kuungua.

Waya wa TANESCO

Hapa hakuna mjadala. Bomba la mashine hii ni la alumini, au la plastiki iliyotiwa nyuzi ambayo ikiwa na unyevu na vumbi haikukingi. Kuwa na mashine ya betri hakusaidii kitu. Umeme unaokuua ni ule wa waya wa juu, si wa mashine. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye nyumba una volti 230, na ngozi yake ya plastiki baada ya miaka ya jua imepasuka hata kama kutoka chini inaonekana nzima. Nyaya za msongo wa kati zinazopita barabarani ni volti 11,000 au 33,000, na hizo haziwi na ngozi. Umeme wake unaweza kuruka hewani bila kugusana na kitu.

Kaa mita 3 kutoka waya wowote: wewe, ncha ya mashine na tawi lenyewe. Wengi wanasahau hilo la tatu. Tawi bichi lina maji, linapitisha umeme, na likikatika linaweza kubembea upande usioutegemea. Tawi likishagusa waya, au likiwa ndani ya mita hizo tatu, si lako tena. Toa taarifa ofisi ya TANESCO ya wilaya, wazime laini na kulikata wao. Foleni ya ofisini inakera, lakini ngoja.

Wakati wa kukata

Mvua zetu zinaanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Rungwe zinaendelea hata baada ya hapo. Kukata wakati wa mvua kuna hasara mbili: mkataji anateleza akiwa na umeme mkononi, na kidonda cha mti kinakaa kibichi huku kuvu zikipata unyevu wa kuota. Kipindi kizuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, lakini si kwa miti yote wala si kwa kila mahali.

Kwa Makete, Njombe na miinuko ya Mufindi, baridi ya Juni na Julai inaleta jalidi usiku, yaani umande unaoganda kuwa barafu. Mparachichi ukipogolewa kabla ya hapo unatoa machipukizi laini, na jalidi inayachoma yote usiku mmoja. Subiri hatari ya jalidi ipite, na uwe umeshavuna. Mipichi ni kinyume: inapukutisha majani wakati wa baridi, na hapo ndipo inapopogolewa vizuri kwa sababu matawi yote unayaona na utomvu umetulia. Kumbuka kwamba pichi linazaa kwenye kitawi kilichoota mwaka uliopita, kwa hiyo ukinyoa vitawi vyote vichanga umenyoa na matunda.

Upepo nao. Iringa mjini mchana wa Agosti na Septemba upepo unaweza kuwa mkali. Vitawi vidogo vikiwa havitulii, acha hadi asubuhi. Tawi linalotikisika linabana bamba na kukupokonya mpini.

Mnyororo na oili

Mnyororo unafungwa huku makali ya meno ya upande wa juu wa bamba yakielekea mbele, kwenye ncha. Ukiufunga kinyume, mashine inanguruma, inatoa moshi na haikati. Watu wengi wameirudisha mashine nzima dukani kwa kosa hili. Kaza hivi: mashine ikiwa imechomolewa umeme au betri, legeza nati ya kifuniko, geuza skrubu ya kukazia, kisha vuta mnyororo kwa vidole vyenye glovu katikati ya bamba. Unapaswa kunyanyuka milimita 3 hivi na kurudi wenyewe ukiuachia, na uweze kuuzungusha kwa mkono bila nguvu. Ukilegea unaruka nje ya mfereji wake, ukikazwa mno unakula gia na kuchosha mota. Mnyororo mpya unarefuka. Kagua tena baada ya matawi manne au matano ya kwanza. Na jioni ulegeze kidogo kabla ya kuuhifadhi, kwa sababu chuma kilichokazwa kikiwa cha moto kinasinyaa kikipoa.

Tangi la oili ni dogo, mililita 60 hadi 100. Linaisha baada ya dakika 15 au 20 za kukata, kwa hiyo litazame kila baada ya dakika kumi. Elekeza ncha kwenye kipande cha boksi, washa kwa sekunde kadhaa: ukiona mstari mwembamba wa oili kwenye boksi, pampu inafanya kazi. Mashine nyingine hazina pampu ya kujiendesha. Zina kitufe cha kubonyeza, au unadondoshea mwenyewe kwa kopo. Soma ya kwako inataka nini.

Oili iliyotengenezwa kwa minyororo inanata na hairuki. Ukiikosa, weka oili mpya ya injini, SAE 30, au 10W-30 kwa asubuhi za baridi ili isiwe nzito. Oili chafu iliyomwagwa gereji usiitumie hata kama ni ya bure. Ina chembe za chuma zinazoziba tundu dogo la pampu, na inarushwa juu ya majani ya mparachichi, mchicha ulio chini yake na ngozi yako. Mafuta ya alizeti yanalainisha kwa kazi ya siku moja na hayadhuru bustani, lakini yakiachwa kwenye mnyororo wiki mbili yanaganda kama gundi. Ukiyatumia, safisha siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha

Uzunguke mti mzima ukitazama juu. Tafuta matawi makavu yaliyokwama, nyufa, mzinga au kundi la nyuki. Mlio wa chenso unawaudhi nyuki, na mtu mwenye mpini wa mita tatu mikononi hawezi kukimbia vizuri. Kisha tazama chini: nguo kwenye kamba, banda la kuku, tangi la maji, bati. Ondoa kinachoondoka.

Vaa kofia ngumu, miwani ya kinga, glovu na mabuti. Unga wa mbao unaanguka moja kwa moja usoni kwa kuwa unatazama juu muda wote, kwa hiyo miwani iwe ile iliyofunika na pembeni. Watoto na mifugo wakae mita 15 mbali. Awepo mtu mmoja mzima wa kukaa karibu na soketi, kazi yake ikiwa kuchomoa plagi ukimpa ishara na kuzuia wapita njia. Asiwe anavuta matawi huku unakata.

Chagua njia mbili za kurudi nyuma na uzifagie. Kwenye viwanja vya mteremko, kama vingi vya Tukuyu na Ludewa, simama upande wa juu wa tawi, maana likianguka linaviringika kuelekea bondeni.

Kukata

Tawi la unene wa sentimita 10 na urefu wa mita 3 lina uzito wa zaidi ya kilo 20 likiwa bichi, kabla hujahesabu majani. Kumbuka na hili: mpini wa mita 2.8 ukiinama nyuzi 60, ncha yake iko mita 1.4 tu mbele ya miguu yako kwa usawa wa ardhi. Tawi la mita tatu likibembea kidogo linakufikia. Kwa hiyo usisimame chini yake hata kwa dakika moja, usinyanyue mpini kupita nyuzi 60, na tawi refu usilikate mara moja. Lipunguze kutoka nchani kuja ndani, vipande vya nusu mita hadi mita moja. Juu ya bati, vipande viwe vifupi zaidi.

Anza na matawi ya chini. Yakiisha, ya juu yanapata njia ya kuanguka bila kukwama.

Mkono mmoja ukae kwenye swichi, mwingine mbele kadiri unavyoweza bila kunyoosha kiwiko chote, na mkanda wa begani ubebe uzito. Mikono isipite mabega. Washa kwanza, ngoja mnyororo ufike mwendo wake wote, ndipo uguse mti. Egemeza tawi kwenye kituo kilicho chini ya bamba, karibu na kichwa cha mashine, si kwenye ncha. Kichwa chenyewe kina uzito wa kutosha, kiache kishuke. Ukiona unalazimika kusukuma, mnyororo ni butu. Usikate kwa ncha ya bamba kamwe, kwa sababu meno ya pale yakigonga kitu yanaurusha mpini kuja kwako.

Tawi lolote lenye unene zaidi ya sentimita 4 au 5 linakatwa mara tatu.

Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 20 hadi 30 kutoka shinani, na kina chake ni robo ya unene, usizidi theluthi. Huu ndio mgumu kwa mashine hii. Unatumia upande wa juu wa bamba, na upande huo mnyororo unasukuma mashine kuja kwako badala ya kuivuta kwenye mti. Weka mguu mmoja nyuma, kaza mikono, enda taratibu. Ukizidisha kina, tawi linaketi juu ya bamba na kulibana.

Wa pili unatoka juu, sentimita 3 hadi 5 nje ya ule wa kwanza, yaani upande wa kuelekea nchani. Tawi litavunjika kati ya mikato miwili. Watu wanaouruka mkato wa chini wanauona ubaya wake papo hapo: tawi linainama, linachana ganda na kushuka nalo shinani hadi nusu mita. Mparachichi unachanika vibaya sana, kwani mbao yake ni laini na ganda linatoka kirahisi.

Wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, na hapa ndipo mti unapona au unaoza. Ukitazama tawi linapotoka shinani utaona uvimbe kama pete, shingo ya tawi, na kwa juu mkunjo wa ganda lililokwaruzika. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, kuanzia nje ya mkunjo wa juu na kushuka kwa kuinama kutoka shinani. Zamani mafundi walifundishwa kukata tawi likalingana kabisa na shina, likaonekana laini. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa serikali ya Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa chenso kufuatilia vidonda vinavyokwenda ndani, na mwaka 1977 akachapisha maelezo yaliyobadilisha kazi hii: mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Unakizungushia ukuta, kisha unaendelea kukua nje yake. Ukuta huo unajengwa kwenye shingo ya tawi. Ukiikata shingo, umeondoa mjenzi.

Kutoka chini, kwa umbali wa mita tatu, shingo haionekani vizuri. Nenda ubavuni mwa tawi uitazame kabla ya mkato wa mwisho, si wakati mnyororo umeshaingia. Ukiwa na shaka, acha sentimita moja zaidi. Lakini usiache kisiki cha sentimita kumi. Hicho kinakufa, kinaoza, na uozo unashuka nacho hadi ndani.

Kidonda usikipake rangi wala lami. Rangi haizuii kuoza, na inafungia unyevu ndani. Rangi nyeupe ina kazi nyingine, si ya kidonda: shina la mparachichi lililokuwa kivulini likifunuliwa ghafla kwa jua letu la milimani linaungua na kupasuka. Paka ganda lililofunuliwa rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Mti kwa mti

Mgrevilea unavumilia, kata na utachipua. Mjakaranda ukiukata vichwa unajibu kwa fimbo kadhaa zilizosimama wima, zinazoshikilia vibaya na kuvunjika kwa upepo baada ya miaka michache, kwa hiyo ondoa tawi zima kuanzia shingoni na uache kichwa chake. Mkrismasi wa uzio (msaipresi) hauchipui kwenye mbao nzee isiyo na majani. Ukikata kupita sehemu ya kijani, tundu la kahawia litabaki milele. Mparachichi usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka; ukizidisha, unatoa majani tupu na kusahau matunda. Mkaratusi mkubwa punguza yale ya chini tu, na yaliyo juu mwachie mtu mwenye kamba na mafunzo ya kupanda.

Ukitoka kwenye mparachichi wenye dalili za kuoza mizizi au matawi yanayokufa kutoka nchani, futa bamba na mnyororo kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kugusa mwingine. Jiki iliyochanganywa, sehemu 1 kwa maji 9, nayo inafaa, ila inakula chuma: suuza, kausha, tia oili.

Inapogoma

Bamba limebanwa: zima, chomoa. Usitikise mpini, utapinda bamba au kuvunja kiungio cha bomba. Msaidizi anyanyue tawi kwa mti mrefu wenye panda hadi mwanya ufunguke, akiwa ubavuni, nawe utoe mashine. Ikishindikana, kata tawi kwa msumeno wa mkono sentimita 30 nje ya pale palipobana.

Moshi maana yake ni oili imeisha, mnyororo butu, au umefungwa kinyume. Mkato unaopinda upande mmoja ni meno ya upande mmoja yaliyonolewa zaidi ya mengine. Betri ya lithiamu asubuhi ya baridi inaisha haraka kuliko kawaida; ilaze ndani ya nyumba, na usiichaji ikiwa imelala kwenye baridi ya jalidi, kwani chini ya nyuzi 0 seli zake zinaharibika moja kwa moja.

Mashine ikizima yenyewe katikati ya kazi, mara nyingi ni kinga ya joto. Iache dakika 15 kivulini.

Kunoa

Mnyororo mkali unatoa vipande. Butu unatoa unga. Ukiona unga, noa. Mashine nyingi hizi zina mnyororo mdogo wa kimo kifupi, wenye hatua (kipimo cha nafasi kati ya viungo) ya inchi 3/8, na tupa yake ni ya mviringo, milimita 4. Hakikisha kwenye kitabu cha mashine. Fungia bamba kwenye jiliwa, tia alama jino la kuanzia, shika tupa kwa nyuzi 30 na usukume kutoka ndani kwenda nje, mara tatu hadi tano kila jino, idadi ileile kwa yote. Usivute kurudi ukiwa umegandamiza. Maliza upande mmoja, geuza, fanya wa pili. Baada ya kunoa mara tatu au nne, kile kijino kifupi kilicho mbele ya kila jino kinakuwa kimebaki juu. Kishushe kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Ukikishusha zaidi, mnyororo unang'ang'ania mbao na kukurusha.

Matawi yaliyoanguka

Hapa watu wengi hupata hasara wakidhani kazi imekwisha. Majani ya mparachichi ni sumu kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe, sungura na kuku, na kwa ng'ombe wa maziwa yanadhuru kiwele. Majani ya mpichi yakinyauka yanatoa sumu ya sianidi. Mkrismasi unaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Kwa sababu hiyo usirundike matawi karibu na zizi, na mwambie anayechunga kabla hujaanza kukata.

Vitawi vyembamba na majani ya miti isiyo na ugonjwa vikatekate uvitandaze chini ya migomba au kahawa, umbali wa kiganja kutoka shinani. Vinene vikaushe kwa kuni chini ya paa. Usichome rundo Agosti hadi Oktoba, nyasi zikiwa kavu na upepo umeamka. Matawi ya mti mgonjwa yafukie shimoni mbali na miparachichi mingine. Kisha toa betri, piga brashi unga ulioganda chini ya kifuniko cha gia, mwaga oili iliyobaki ili isivujie sakafuni, vika bamba kifuniko chake, na utundike mashine pale mtoto hafiki.